Sio kila tumbo la chini ni UTI jamani

Mhariri,

Nauza vitenge Kariakoo, nakaa Mbagala, na hapa naandika nimejikaza kanga tumboni maana siku zangu zimeanza jana. Tangu niko kidato cha pili naambiwa hilo tumbo la kila mwezi ni chango, ukizaa litaisha. Nimezaa, mtoto yuko darasa la tatu, chango liko palepale.

Ila chango la bibi yangu naweza kulisamehe. Zahanati ndo zimenichosha. Miaka minne kila nikienda ni UTI, napewa antibayotiki, na mara mbili hata mkojo hawakupima! Ikaja zamu ya PID, yaani maambukizi ya kizazi ambayo mara nyingi huanzia kwenye tendo la ndoa, ikabidi na mume wangu ameze dozi, akaninunia wiki nzima anahisi namshuku (tumwache huyo).

Mwaka huu ndo nikapigwa altrasaundi, wakaona uvimbe wa maji kwenye ovari ya kushoto, mimi kichwani tayari ni kansa, nimeshaanza kuwaza mwanangu atalelewa na nani. Daktari wa kina mama akanituliza, akasema kwa mwanamke ambae bado anaona siku zake uvimbe wa hivyo ni kawaida na mwingi unanywea wenyewe ndani ya miezi michache, ila maumivu makali yakija ghafla na kutapika nikimbie hospitali hata kama ni usiku wa manane, ovari inaweza kuwa imejisokota. Baada ya miezi mitatu nikarudi, uvimbe hakuna. Maumivu yapo.

Aliyenipiga picha akasema uko safi dada, punguza mawazo. Yule daktari hakuishia hapo, akaniuliza linauma siku zipi, ukienda haja kubwa siku hizo je, na tendo la ndoa je. Nililia pale pale, hakuna aliyewahi kuniuliza. Akasema inaweza kuwa endometriosisi, yaani nyama zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi zinaota nje yake, kwenye ovari, mirija, mpaka utumbo. Altrasaundi inaweza kuona uvimbe wa damu nzito kwenye ovari, lakini vile vidogo vilivyotapakaa mara nyingi haivioni, kwa hiyo picha safi haimaanishi huumwi. Kanianzishia dawa za homoni, zikigoma ndo tuzungumzie kuchungulia tumbo kwa kamera.

Shirika la Afya Duniani linasema ugonjwa huu unao karibu mwanamke mmoja kati ya 10 walio kwenye umri wa kuzaa, kama milioni 190 dunia nzima. Ukurasa wenu wa afya kila wiki presha na sukari, hili mbona sijawahi kuliona? Na manesi na madaktari wanaosoma hapa, kabla ya kuandika antibayotiki ulizeni basi tarehe.

Mimi zangu naziandika nyuma ya daftari la madeni la dukani, siku na jinsi lilivyouma. Jumatatu naenda nalo kliniki, wadaiwa wangu na wao watasomwa.

Mama Vitenge,
Mbagala, Dar es Salaam