Viatu vya shule vya elfu 35, mshono wa kuchora

Kwenu huduma kwa wateja, na bosi wa mauzo kama naye huwa anasoma meseji za wateja,

Habari za kazi. Nina malalamiko na naomba myasome mpaka mwisho, maana pale dukani kwenu kila nikianza kuongea dada wa kaunta ananiambia "mama andika barua makao makuu", haya ndio nimeandika.

Mwezi wa kwanza, wiki ile ya kufungua shule, nilinunua kwenu pea mbili za viatu vya shule, vyeusi vya kamba, namba 36 ya kijana wangu wa darasa la sita na namba 31 ya mdogo wake wa la pili, kila pea shilingi 35,000. Modeli ni ile ile moja mliyoipanga mlangoni kabisa na bango lake kubwa, ngozi halisi, soli imeshonwa, mwaka mzima bila fundi. Elfu sabini kwa Januari ya Dar sio hela ndogo jamani. Ada shule za serikali ilitolewa toka 2016, tunashukuru, lakini sare, madaftari, begi na viatu bado ni vya mzazi na hapo kwenye viatu ndipo panapouma. Sasa leo tupo mwezi wa tatu, masika hata haijachanganya, na pea zote mbili zimeshakufa.

Naomba nieleweke kwanza, sijaja kulalamikia bei. Viatu vya bei ya chini navijua na vilipo napajua. Kariakoo vipo vile vya plastiki vya kumwagwa kipande kimoja, unavipata kwa elfu kumi na kidogo, havifi vile, shida ni kwamba kwa joto letu hili mguu unachemka humo ndani na jioni mtoto akivivua sebuleni wote mnahama. Karume vipo vya mtumba, ngozi kweli kweli, ukiwahi asubuhi wakati mzigo unafunguliwa unaweza kuokota pea nzuri kwa elfu kumi na tano, ila kupata namba unayoitaka ni bahati, na kiatu cha mtumba kimeshakaa kwenye mguu wa mtoto mwingine, kama alikuwa anakanyagia upande basi na wako atakanyagia upande. Dada yangu aliyeko Moshi aliniambia nisubiri aniletee viatu vya Karanga, vile vinavyotengenezwa na Magereza, nikaona shule inafunguliwa jumatatu nitasubiri vipi wakati mwalimu wa zamu anasimama getini na mtoto asiye na kiatu cheusi anarudishwa nyumbani. Ndio nikaja kwenu, nikaongeza hela juu, na kilichonifanya niongeze ni hayo maneno matatu ya kwenye bango.

Na sikununua kwa macho tu. Mama yangu mzazi ameuza viatu vya mtumba Karume miaka na miaka, mimi nimekulia kwenye lile turubai, kiatu nakijua. Nilikikunja kwanza, maana kiatu kizuri kinakunjika pale vidole vinapoanzia, kikikunjika katikati ya unyayo hicho achana nacho. Nikabonyeza kisigino kwa nyuma kikawa kigumu kama inavyotakiwa. Nikapima dole gumba mbele nikaacha nafasi ya mguu kukua. Alafu nikazungusha jicho pembeni ya soli kuangalia mshono, nikaona nyuzi zimejipanga vizuri kuzunguka kiatu chote, nyeusi, zimelala kwenye mfereji wake, nikasema hapa sawa, nikalipa, nikadai risiti nikapewa ya EFD, ninayo.

Kilichotokea ni hiki. Cha mkubwa kilianza kuachia mbele kwenye pua, kadogo tu kwanza, tukapaka supa gluu, wiki ile ile kikaachia tena na safari hii mpaka katikati, mtoto anatembea soli inapiga chini pwa pwa pwa wenzake wanamcheka njia nzima. Nikakipeleka kwa fundi viatu wetu wa pale Rangi Tatu, mzee wa watu ana miaka yake kwenye hiyo kazi. Akakishika, akakigeuza, akachukua sindano yake ile ya ndoano akaiingiza pale kwenye mshono kama anataka kuinua uzi mmoja, uzi haunyanyuki. Akajaribu pengine, hauinuki. Akaniita akaniambia mama hebu njoo uone, huu sio uzi, hii ni plastiki, imetoka na soli yenyewe kwenye kalibu. Yaani ule mshono wote niliouona dukani ni alama tu! Mmechonga kalibu yenye vituta vya uzi, soli ikimwagwa inatoka imeshajichora nyuzi pembeni, haijashonwa hata tundu moja. Kiatu kizima kimeshikwa na gundi peke yake.

Na gundi yenyewe sasa. Fundi aliifungua yote mbele yangu, imepakwa pembeni kote kuzunguka, katikati pakavu. Akanionyesha na ile sehemu ya juu inapokutana na soli iko laini inateleza, akasema hawa hawajakwangua, ukitaka gundi ishike lazima ukwangue kwanza ipate makwaruzo, upake, uache ikauke kidogo ndio ukandamize, ukipaka juu ya kitu kinachoteleza ni sawa na hujapaka. Hivyo vitu anavijua mzee anayekaa chini ya mwavuli pembeni ya barabara, nyie wenye kiwanda na mashine mnashindwaje?

Tuje kwenye ngozi halisi. Pale mbele kiatu kinapokunjika pameanza kubanduka, vinatoka vigamba vyeusi vyembamba na chini yake kunaonekana kitambaa cheupe. Ngozi ya mnyama haibanduki hivyo, ikichubuka inakuwa na manyuzinyuzi yake ya kahawia au kijivu na ukipiga kiwi inafunika maisha yanaendelea, hii kila nikipiga kiwi ndio kwanza ile rangi inaingia kwenye kitambaa. Sina ugomvi na leza ya kutengeneza, yaani ngozi ya bandia, tumeivaa wote na maskini nani anachagua, ila andikeni leza ya kutengeneza na muiuze kwa bei yake.

Cha mdogo ndio msiba zaidi. Kimelowana siku moja ile mvua ya mchana, mtoto katoka shule kakanyaga dimbwi kama watoto wote duniani, kesho yake ndani kumevimba. Nikatoa ile soli ya ndani ya kuvuta, chini yake nikakuta kadibodi, sio ile ngumu ya viatu iliyoshindiliwa, kadibodi la boksi, limelowa limekuwa kama andazi lililosahaulika kwenye chai. Nikiligusa linatoka na kidole. Kwahiyo unyayo wa mwanangu ulikuwa umekaa juu ya karatasi.

Niliporudi dukani majibu niliyopewa nayaandika hapa ili mjue mnawakilishwaje. Kwanza nikaambiwa viatu vimeloweshwa maji. Ni kweli vimelowa, Dar es Salaam kuna masika kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano na kuna vuli mwisho wa mwaka, na kalenda ya shule imepita humo humo, sasa kiatu cha shule kisicholowa kinavaliwa nchi gani. Pili nikaulizwa kama mtoto anacheza mpira na viatu. Ana miaka kumi na mbili, ni wa kiume, kuna uwanja shuleni, nijibu nini hapo? Mkiuza kiatu cha mtoto mjue kitapiga mpira, kitapiga makopo, kitaburuzwa chini ya dawati, hiyo ndio kazi yake. Alafu kaka mmoja pale akanigeuzia risiti akanionyesha maandishi, bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Namba yenu ya whatsapp nayo inajibu yenyewe, asante kwa kuwasiliana nasi tutakujibu hivi punde, ukiandika tena inakujibu hivyo hivyo.

Sasa kuhusu hiyo ya hairudishwi nimeuliza watu wanaojua. Sheria ya mauzo ya bidhaa ipo nchi hii, sura ya 214, kitu ukikiuza kwa maelezo kinatakiwa kifanane na maelezo yake na kifae kwa kazi kilichonunuliwa. Sheria ya ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumdanganya mteja kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani kazi yake mojawapo ni hiyo. Mimi sijanunua kiatu nikabadilisha mawazo nikaona rangi sijaipenda, hapo mngekuwa na haki ya kunikatalia. Mimi nimenunua soli iliyoshonwa nikapewa picha ya mshono, ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kuna jambo lingine naomba hasa watu wa kiwandani walisikie. Yule fundi alikwangua kiatu cha mkubwa, akapaka gundi upya, alafu akakishona kweli kuzunguka chote na uzi wa nailoni, akatoboa na kupitisha tundu kwa tundu, ulipopita uzi sasa panaonekana mpaka upande wa chini. Pea nzima akanichaji elfu tatu. Mpaka navyoandika hapa kijana anakwenda nacho shule na kinapiga mpira na hakijafunguka tena. Sasa kama mtu mmoja anashona kwa mkono, anapata faida yake na anakula, kwa elfu tatu, nyie kwa mashine ingewagharimu shilingi ngapi kwa pea? Mngeniuzia elfu 37 nikajua kimeshonwa kweli ningelipa huku nacheka. Hela ya kutengeneza kalibu yenye nyuzi za uongo mlikuwa nayo, ya uzi mkakosa, hapo ndipo mnaponitia hasira.

Wala sikutegemea maajabu. Mtoto mguu unakua, toka namba moja kwenda nyingine ni kama milimita saba hivi kasoro, umri huu anaweza kuvuka namba moja au mbili kwa mwaka, kwahiyo hata kiatu kiwe cha chuma hakikai miaka mitano. Mzazi anachotafuta ni kifike angalau mwezi wa sita shule zinapofungwa, na kikiwa na bahati mkubwa akatwae namba nyingine kile cha zamani kiwekwe juu ya kabati kimsubiri mdogo wake. Ndio hesabu ya nyumba nyingi tu hapa mjini. Nyie mmeivuruga mwezi wa tatu, na mdogo saa hizi anakwenda shule na raba za binamu yake, nyeusi lakini zina mstari mweupe pembeni, kila asubuhi naupaka kiwi ule mstari ili mwalimu asiuone.

Ninachotaka kwenu ni nirudishiwe 35,000 ya pea ya namba 31, au mnipe pea nyingine ya modeli tofauti ambayo imeshonwa na nitakuja na fundi wangu aipitishie sindano kabla sijaondoka, na elfu tatu ya ushonaji wa ile namba 36. Zaidi ya hapo sidai, hata nauli ya daladala ya kuja kwenu kugombezwa nimewasamehe. Na lile bango mlitoe, au mfute hayo maneno ya ngozi na ya kushonwa, maana jumamosi nilipopita bado lipo na kuna mama alikuwa anamjaribishia mtoto wake wa chekechea modeli hiyo hiyo, nikamvuta pembeni nikamwonyesha kucha inavyoteleza juu ya ule "uzi", akavirudisha. Mlinzi wenu akanifuata akaniambia mama naomba utupishe. Sawa, nimepisha.

Nawapa mpaka mwisho wa mwezi huu. Kukiwa kimya napeleka viatu na risiti Tume ya Ushindani, na TBS, wale wa viwango, nitawauliza kama modeli hiyo waliipima. Kiatu cha mdogo sijakipeleka kwa fundi makusudi, nimekianika kikakauka na lile kadibodi lake ndani nimekihifadhi kwenye boksi lenu lenye maandishi yenu, mtu wenu akitaka kuja kukiona aje, nipo nyumbani jioni. Picha za soli, za kile kitambaa cheupe na ya risiti nimeziambatanisha.

Namba yangu ya simu mnayo, maana kila ijumaa mnanitumia meseji ya ofa.

Mteja wenu,
mama wa watoto wawili, Mbagala