Barua kwa Rehema: huduma zinazojiwasha zenyewe

Rehema rafiki yangu,

Salamu nyingi, na hongera kwa kukabidhiwa seva za chuo. Umeniuliza kama uziache zilivyo, maadamu zimesakinishwa upya na hakuna aliyezichezea. Tafadhali usiziache. Aliyepanga huduma zipi, yaani programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia, zijiwashe zenyewe mashine inapowaka hakijui chuo chenu, wala hajui ipi ni seva ya barua pepe na ipi inatunza matokeo ya wanafunzi. Tangu ulipopewa nywila ya root, msimamizi mkuu wa mashine, uamuzi huo ni wako.

Tena watengenezaji wa matoleo ya Linux wenyewe hawakubaliani. Kwenye Debian, ukisakinisha nginx, programu ya kuhudumia tovuti, inaanza kazi papo hapo, hata faili la mipangilio hujalifungua. Fedora na Red Hat kwa kawaida huiacha imelala mpaka uiamuru kwa systemctl enable --now, amri ya kuiwasha na kuiruhusu ijiwashe. Mimi nasimama na hawa wa pili, kwa sababu anayewasha anakuwa amekusudia.

Na Red Hat walifika hapo baada ya miaka migumu. Januari 2001 kirusi cha Ramen kilizivamia mashine za Red Hat 6.2 na 7.0 kikipitia matundu ya usalama katika huduma za wu-ftpd (kuhamisha mafaili), rpc.statd na LPRng (kuchapisha), kisha kikabadilisha kurasa za mbele za tovuti zilizokuwa humo. Marekebisho ya matundu hayo yalikuwa yameshatoka miezi kadhaa kabla. Lakini nani angekumbuka kurekebisha huduma asiyojua kwamba anayo? rpc.statd ni ya NFS, mfumo wa kushirikisha mafaili kati ya mashine. Asiyeshirikisha mafaili kwa NFS ilimfaa nini?

Usidhani hayo ni ya kale. Septemba 2024 Simone Margaritelli alionyesha kwamba cups-browsed, huduma ya kutafuta printa kwenye mtandao, ilikuwa ikipokea ujumbe kutoka kwa yeyote kupitia poti (mlango wa mtandao) ya UDP 631. Mtu wa mbali aliweza kuingiza printa ya uongo, na mtumiaji akichapisha kupitia printa hiyo, amri za mvamizi zinaendeshwa ndani ya mashine. Kwenye seva isiyo na printa, huduma hiyo haina kazi yoyote.

Basi ingia kama root, uandike ss -tulpn. Utaona kila poti inayosikiliza na programu iliyoishika. Penye 127.0.0.1 ni mazungumzo ya ndani ya mashine yenyewe, penye 0.0.0.0 au [::] inasikiliza kwenye anwani zake zote, na hapo ndipo uanzie. Kila mstari ujiulize: nani anaitumia, na nikiizima leo nani atanipigia simu? Ukikosa jibu, waulize wenzako kabla ya kuzima.

Kwenye kuzima ndiko wengi wanakojikwaa. systemctl stop huizima sasa, lakini mashine ikiwashwa upya inarudi. disable huizuia isijiwashe, ila iliyopo inaendelea kukimbia. Kwa hiyo tumia disable --now. Hata hivyo CUPS, mfumo wa kuchapisha, ina vichochezi viwili, cups.socket na cups.path, ukizima cups.service peke yake, hizo zitaiamsha tena. Zizime zote, au tumia mask, ambayo haikubali huduma iwashwe kwa njia yoyote mpaka uondoe mask hiyo. Halafu rudia ss uhakikishe kwa macho yako.

SSH, huduma ya kuingia kwenye mashine kutoka mbali, usiiguse ukiwa umeingia kwa njia hiyo, utajifungia nje. Na chrony, inayosawazisha saa ya mashine, iache, kwa sababu saa ikipotea kumbukumbu za mfumo hazitakusaidia siku ya uchunguzi.

Kila unayoiacha iandikie sababu na jina la ofisi inayoitumia, uhifadhi mahali ambapo atakayekurithi ataona. Anza na seva ya matokeo. Nitumie majibu ya ss ukishafuta anwani za chuo, tuyapitie pamoja Jumamosi jioni kwa simu.

Wasalimie nyumbani.

Rafiki yako,
Juma