Binti wa nne si msiba

Ndugu Mhariri,

Mke wa jirani yangu hapa Bombo alipopigwa picha ya tumbo na kuambiwa ni binti wa nne, mama mkwe alisusa kula. Lawama zote kwa mwanamke, ilhali mbegu ya mume ndiyo inayoamua jinsia, kwa kubeba kromosomu (chembe ya urithi) ya X ya binti au Y ya mvulana!

Sasa wenye pesa wanaulizia Kampala kupandikiziwa mimba, kiinitete, yaani mimba changa kabisa, kikaguliwe kwanza, cha kike kiachwe. Wanaita haki ya mzazi. Haki ya kumkataa mtoto kwa kuwa si dume?

Tuwatazame waliotutangulia kuchagua jinsia. Kwa kawaida huzaliwa wavulana kama 105 kwa wasichana 100. Sensa ya China ya 2010 ilikuta wavulana karibu 118. India ilitunga sheria mwaka 1994 kuwazuia madaktari kutaja jinsia ya mimba, na bado wapo wanaoikwepa.

Penye ugonjwa wa kurithi unaowaandama wavulana, kama hemofilia (damu kutoganda), hapo nanyamaza. Ni jambo la tiba. Lakini mimba ya jirani ni nzima. Na bibi aliyesusa, maji ya kuoga huchotewa na wajukuu hao hao watatu.

Msomaji, Bombo