Barua kwa mwanangu aliyekwenda kwa Waeseni

Mwanangu,

Mchuuzi wa chumvi amepita hapa Yerusalemu, anasema amekuona huko juu ya Engedi, kando ya Bahari ya Chumvi, kwa hao Waeseni wako, Wayahudi waliojitenga wakaishi pamoja, nguo nyeupe mwilini na kijishoka mkononi. Mama yako akauliza kijishoka cha nini. Nikamwambia cha kuchimbia choo. Akacheka, mara ya kwanza tangu uondoke, kisha akalia.

Sikuandikii tubishane. Torati unaijua kunishinda, na sokoni najisifu kwa hilo. Nina neno moja tu: kiapo. Mwaka huu wa kwanza bado uko nje, halafu wanakupima miaka 2 mingine. Ukishaapa ukaketi mezani kwao, huli tena cha mtu mwingine. Na wakikufukuza je? Watu wasiopungua 100 wakikaa wakakutoa, utatoka na kiapo chako tumboni. Nasikia wapo waliokula majani kama mbuzi mpaka miili ikanyauka, wakarudishwa wakiwa wanakata roho.

Mjomba wako, Sadukayo yule, anasema hakuna ufufuo, hakuna malaika, ukifa umekwisha. Kwa hiyo mtoto ale. Ndiyo mara yangu ya kwanza kukubaliana naye. Mimi Farisayo naamini utafufuka, lakini sina haraka ya kuliona. Huko mnasema kila kitu kimekwisha kupangwa. Sisi twasema Mungu hupanga na mtu ana hiari yake. Basi hiyo hiari itumie kabla hujaapa.

Mama yako anashikilia kwamba nisingeicheka kalenda yako ya siku 364, ungekuwa hapa. Sijui. Mbele ya wageni haikufaa. Lakini na wewe, kufunga Siku ya Upatanisho kwa kalenda hiyo, peke yako, wakati sisi tunakula kwa kuwa kwetu ilikuwa siku nyingine!

Punda alitumbukia shimoni Sabato iliyopita. Ninyi mngemwacha humo hadi jua lizame. Mimi nilimvuta, na mgongo unaniuma mpaka leo. Paa la upande wako linavuja, nangoja mvua zipungue.

Mama ametuma mafuta ya zeituni. Nikamwambia watu wale hawajipaki mafuta, wanayaona uchafu. Akasema basi achovyee mkate. Tini zimo chini ya gunia. Zile sasa, kabla ya kiapo. Mchuuzi nimeshamlipa, asikudai kitu.

Baba yako