Barua kwa swahiba aliyeanza kazi ya uwakala wa safari

Swahiba wangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, nimeisoma mara mbili, na furaha niliyo nayo kwa kazi yako mpya haifichiki. Ama baada ya salamu, umeniuliza jambo moja kuu: ni kanuni gani ya kupiga hesabu ya safari ili bei isije ikabadilika baada ya mteja kukubali? Nitakujibu kwa kirefu, maana swali lako ni zito kuliko ulivyoliandika.

Hesabu za kazi hii ni za kujumlisha, kuzidisha na kugawanya, na kikokotoo unacho. Wateja huumia pale karatasi iliposomwa vibaya. Kila bei unayoikuta kwenye orodha ya hoteli au ya shirika la ndege ni ya mtu fulani, kwa tarehe fulani, kwa masharti fulani, na masharti hayo aghalabu yamejificha kwenye maandishi madogo ya chini au kwenye vifupisho. Kabla hujabonyeza tarakimu hata moja, uweze kutamka kwa sentensi nzima: hii ni bei ya nani, ya kulala usiku upi, na ndani yake mna nini. Ukikwama katikati ya sentensi hiyo, pigia simu hoteli.

Chukua familia ya watu wanne: baba, mama, mtoto wa miaka 12 na mtoto wa miaka 5. Wanaingia hotelini tarehe 29 Septemba na kutoka tarehe 3 Oktoba. Orodha inasema dola 80 kwa mtu kwa usiku, watoto nusu bei. Mwenye haraka ataona watu wazima wawili kwa usiku 4, dola 640. Watoto wawili kwa nusu bei, dola 320. Jumla dola 960. Atamwandikia mteja, na mteja atafurahi.

Sasa isome orodha ileile taratibu. Dola 80 ni bei ya mtu anayechangia chumba na mwenzake. Msimu wa bei hiyo unakwisha tarehe 30 Septemba. Kuanzia tarehe 1 Oktoba ni dola 100. Mtoto, kwa hoteli hii, ni wa miaka 2 hadi 11, na nusu bei anaipata akilala chumba kimoja na wazazi wawili, kitanda cha ziada kimoja tu kwa kila chumba. Anayelala peke yake huongeza dola 30 kwa usiku. Basi usiku wa tarehe 29 na 30 ni wa dola 80, usiku wa tarehe 1 na 2 ni wa dola 100, na mtu mzima mmoja anatimiza dola 360. Wazazi wawili ni dola 720. Mdogo analipa nusu, dola 180. Yule wa miaka 12 hoteli inamhesabu mtu mzima, na kitanda cha ziada kimeshachukuliwa na mdogo wake. Kwa hiyo analipa dola 360 pamoja na nyongeza ya chumba cha peke yake, dola 120, yaani dola 480. Jumla ya familia ni dola 1,380. Ile karatasi ya kwanza imepungua dola 420, na mtu atakayezilipa ni mteja aliyekuamini au ofisi iliyokuajiri.

Na hapo bado. Nani atamlaza mtoto wa miaka 12 peke yake katika nyumba ya wageni asiyoijua? Hoteli nyingine haziruhusu kabisa. Wazazi watataka kugawana: mama na mkubwa chumba kimoja, baba na mdogo chumba cha pili. Chumba cha mama ni watu wazima wawili, dola 720. Cha baba kinategemea mstari mmoja wa masharti: mtoto akilala na mzazi mmoja analipa kiasi gani? Ikiwa bado ni nusu, jumla ya familia inashuka hadi dola 1,260. Ikiwa anahesabiwa kama mtu mzima wa pili, inapanda hadi dola 1,440. Mstari mmoja tu, dola 180. Uulizie pia kama kuna chumba cha familia, maana mara nyingi huuzwa kwa chumba na si kwa kichwa, na hesabu yote inageuka. Mimi sehemu hii huipenda kuliko zote katika kazi yetu, kwa sababu ndipo wakala anapomsaidia mteja kweli: anampa njia tatu, kila moja na bei yake, naye achague.

Umri nao una kipimo chake kila mahali. Kwa mashirika ya ndege, mtoto mchanga ni yule ambaye hajatimiza miaka 2, na asiyekalia kiti chake mwenyewe kwa safari nyingi za kimataifa hulipa takriban asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Mtoto ni wa miaka 2 hadi kabla ya kutimiza 12. Akitimiza miaka 2 akiwa safarini, kwa kawaida lazima akatiwe kiti cha kurudia. Kwa hiyo usiulize mtoto ana miaka mingapi. Omba tarehe ya kuzaliwa, uilinganishe na tarehe ya kurudi. Na tarehe zote uziandike kwa jina la mwezi, kwani 03/04 kwa mtu wa Marekani ni tarehe 4 Machi, na kwa wengine ni tarehe 3 Aprili.

Vifupisho vya chakula utavizoea upesi: BB ni kulala na kifungua kinywa, HB inaongeza mlo mmoja mkuu, FB ni milo yote mitatu, AI inaongeza vinywaji na vitafunio, kwa kadiri hoteli yenyewe ilivyoainisha. Vinywaji vya mezani kwa HB na FB kwa kawaida hujilipia mgeni. Mwambie mapema.

Saa ndizo za kuangalia kwa macho mawili, hasa kwetu sisi tunaohesabu saa kuanzia alfajiri. Tiketi inaposema 00:30 tarehe 15, mteja wako atasoma saa sita na nusu usiku, tarehe 15, na kuna hatari aende uwanjani tarehe 15 jioni, wakati ndege imeondoka karibu siku nzima iliyopita. Usimtumie tiketi tupu. Mwandikie: ndege inaruka usiku wa kuamkia tarehe 15, uwe uwanjani saa tatu na nusu usiku, tarehe 14. Jambo hili lina bei pia. Mgeni akitua saa nane usiku wa kuamkia tarehe 15 na anataka kitanda, chumba kilipiwe kuanzia tarehe 14, vinginevyo atakaa kwenye viti vya mapokezi hadi mchana, saa ambazo hoteli nyingi hufungulia vyumba. Ukiona alama ya +1 kando ya saa ya kufika, ujue anatua siku inayofuata. Na saa za kuondoka na kufika zote ni za mahali husika: anayeondoka 23:00 mahali palipo UTC+3 (yaani saa 3 mbele ya saa ya marejeo ya dunia) na kutua 06:00 kesho yake mahali palipo UTC+1 amekaa hewani saa 9, ingawa kwenye karatasi zinaonekana 7.

Zile herufi tatu zinazotambulisha viwanja vya ndege zisome hadi mwisho. SJO ni San José ya Costa Rica, SJC ni San José ya California. London ina viwanja kadhaa: tiketi mbili za bei nafuu, moja inatua LHR (Heathrow) na nyingine inaondokea LGW (Gatwick), maana yake mteja anahama uwanja na mabegi yake, analipa usafiri, na huenda akahitaji viza ya kuingia Uingereza ambayo asingeihitaji kama angebadilishia ndege palepale. Nauli iliyoonekana rahisi inakuwa ghali. Hali kadhalika mzigo: nauli ya chini kabisa mara nyingi haina begi la kupakia, hairudishwi fedha, na kubadili tarehe ni kulipa upya. Linganisha nauli baada ya kuongeza vitu hivyo, kamwe si kabla.

Sasa fedha. Alama ya dola peke yake haitoshi, kwa sababu Australia, Kanada na Singapore nazo zina dola zao. Tafuta herufi tatu za USD, AUD, CAD au SGD. Kama hoteli inadai kwa yuro na mteja analipa kwa dola, tumia kiwango ambacho benki yako itakuuzia yuro siku ya kulipa, pamoja na gharama ya kutuma. Kile unachokiona kwenye intaneti mara nyingi ni kiwango cha katikati, kati ya bei ya kununua na ya kuuza, ambacho wewe hutakipata. Tofauti ya senti 3 tu kwa kila yuro, kwenye ankara ya yuro 5,000, ni dola 150. Badilisha mara moja, mwisho wa hesabu, na uzikadirie tarakimu hadi namba kamili hapo tu.

Ukikuta bei imeandikwa 100++, zile alama mbili za kujumlisha ni tozo ya huduma na kodi, na hazimo. Tozo ikiwa asilimia 10 na kodi asilimia 15, na kodi inatozwa juu ya jumla yenye tozo, basi 100 inakuwa 110, kisha 126.50. Anayejumlisha 10 na 15 atapata 125, na kwa kundi la watu 40 pengo hilo litamfuata.

Faida yenu ofisini uliulizia kwa haya kidogo, lakini usione aibu. Ni ujira wa kazi halali. Kuna njia mbili, na watu huzichanganya. Kamisheni hukatwa kutoka bei iliyotangazwa: bei 1,000, kamisheni asilimia 10, unamlipa mwenye hoteli 900 na kubaki na 100. Nyongeza huwekwa juu ya bei ya mawakala: ukipewa kwa 900 na kuongeza asilimia 10, unauza 990, na umebaki na 90. Vivyo hivyo, bosi wako akisema anataka faida ya asilimia 20 ya mauzo, kuongeza asilimia 20 juu ya gharama ya 1,000 kunampa 1,200, ambayo faida yake haifiki hata asilimia 17. Gawanya 1,000 kwa 0.8, upate 1,250. Muulize anamaanisha ipi kabla hujaandika.

Nimeacha makundi mwisho kwa sababu ulisema kundi la wanafunzi limeshakujia. Tenga gharama zisizojali idadi na zile zinazofuata kichwa. Tuseme basi na kiongozi wa msafara ni dola 1,500 kwa safari nzima, na kila mtu ana dola 200 za malazi, chakula na viingilio. Wakienda 20, kila mmoja ni 75 na 200, yaani dola 275. Wakienda 15, ni dola 300. Ukiwa umeahidi 275 kwa matumaini ya watu 20, kisha wakatokea 15, unakusanya 4,125 huku gharama ni 4,500. Ndiyo maana karatasi ya kundi huandikwa kwa ngazi, 15 hadi 19 bei hii, 20 hadi 24 bei ile, na kila ngazi hupigwa kwa idadi yake ya chini. Mwalimu wanayemwita wa bure naye anakula na kulala; zile 200 zake zigawe kwa wanaolipa, dola 10 kila mmoja wakiwa 20, na uziweke wazi kwenye hesabu yako ya ndani.

Karatasi utakayompa mteja iwe na yaliyomo, yasiyokuwemo, tarehe ambayo bei itakoma, kiwango cha kubadilisha fedha ulichotumia, na masharti ya kughairi yakiwa yameandikwa kwa tarehe halisi. Usimwandikie "siku 30 kabla ya safari". Hesabu wewe, umwandikie siku yenyewe. Sehemu ya yasiyokuwemo ndiyo ninayoitetea zaidi, maana wengi huogopa kuirefusha wakidhani itamfukuza mteja. Mtu anayejikusanyia akiba miezi mingi apate kuwaona wazazi wake au kuwapeleka watoto baharini ana haki ya kujua viza, bima, maji ya kunywa na mabegi vitamgharimu kiasi gani kabla hajatoa amana.

Hilo kundi la wanafunzi nitumie rasimu yake kabla hujaipeleka shuleni. Nitumie na orodha ya bei ya hoteli, kurasa zote, pamoja na ule wa masharti. Uniambie walimu ni wangapi, wavulana wangapi na wasichana wangapi, kwani idadi ya vyumba haitatoka kwenye jumla peke yake. Wasichana 11 na wavulana 9 kwenye vyumba vya watu wawili wawili ni vyumba 11, si 10, na nani atalipa nafasi zile mbili zitakazobaki ni jambo la kuulizwa sasa.

Nisalimie wote nyumbani.

Wako akupendaye,
Swahiba wako