Akirukwa, aambiwe kwa nini

Mhariri,

Mji wetu mdogo, jirani na Lowell hapa Massachusetts, unataka kuwatoa polisi wake wote kwenye sheria ya utumishi wa umma ya jimbo, inayoongoza jinsi wanavyoajiriwa. Mkutano wa mji, ambako wenye kura huamua kwa kuinua kadi, ukikubali, ombi litakwenda Bunge la jimbo kule Boston, kisha kwa gavana. Maombi ya namna hii si mageni huko. Mengine huwa ya mtu mmoja tu aliyepitwa na umri wa kuajiriwa.

Kwa nafasi ya mkuu wa polisi sina ubishi. Mji umtafute popote, umpe mkataba, akishindwa aende zake. Shaka yangu ni kwa askari wa kawaida.

Sheria ya jimbo ilianza 1884, mwaka mmoja baada ya ile ya taifa, iliyopitishwa baada ya mtu aliyekosa cheo kumpiga risasi Rais Garfield wa Marekani. Zama hizo kazi ziligawiwa kwa kujuana. Leo kijana hufanya mtihani, jina huingia kwenye orodha, na ikitokea nafasi moja huangaliwa watatu wa juu. Akirukwa, yaani akichukuliwa aliye chini yake kwenye orodha, mji lazima uandike sababu, naye anaweza kukata rufaa kwa tume ya utumishi wa umma ya jimbo.

Wanaotaka kujitoa nao wana hoja. Orodha huchelewa, wanajeshi wa zamani hutangulizwa, na mwaka 2022 jaji wa jimbo aliamua kwamba mtihani wa kupandia cheo cha sajenti uliwabagua Weusi na Walatino. Tukitoka, wanasema, tutaajiri vijana wanaojua lugha za wahamiaji. Huenda. (Sijasikia Kiswahili kikitajwa.) Lakini pendekezo nililosoma halina hata mstari mmoja unaosema aliyerukwa ataambiwa nini, wala atalalamika wapi. Taratibu, tunaambiwa, zitaandikwa baadaye.

Wakenya wenzangu wanakumbuka 2014, Mahakama Kuu ilipofuta usajili wa makurutu 10,000 wa polisi kwa kasoro na rushwa. Ilifuta kwa kuwa mamlaka inayosimamia polisi ilikwenda kushtaki. Mtoto asiye na mjomba kituoni alipata pa kusemewa.

Nitaomba pendekezo lirekebishwe: mkuu wa polisi aondolewe, askari wabaki mpaka haki ya kupewa sababu na kukata rufaa iandikwe humo humo. Mwenye kura aje siku ya mkutano. Nahitaji mikono ya kuinua kadi.

Mkenya, Massachusetts