Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Jumuiya ya Wasasi, Kusini Unguja

Wanachama wenzangu, Assalaam alaykum.

Kazi za mwaka mnazijua, sitarefusha. Tumekwenda kusaka mara 14, tumeondoa nguruwe 31 katika mihogo ya uwandani, vibali vimehuishwa, mbwa 2 wamekufa. Ada imekusanywa shilingi 412,000 kati ya 1,512,000.

Nitasimama kwenye suala la marisau, yaani punje ndogo za bunduki zetu zilizotengenezwa kwa madini ya risasi, maana mengi yamesemwa barazani na machache yameletwa mbele yangu. Kamati iliamua hivi: hakuna kuyeyusha risasi jikoni wala uani, nyama iliyozunguka jeraha ikatwe na kufukiwa, wala mbwa asipewe, na mgao wa kanga au paa aliyepigwa bunduki usipelekwe nyumba yenye mjamzito au mtoto mdogo.

Nimeambiwa nimewanyima watoto kitoweo, na kwamba babu zetu walikula wakazeeka. Ndugu zangu, madini haya na kile kinachotoka mtutuni tunaviita jina moja, risasi, nasi tumelizoea jina tukaisahau sumu. Risasi ikipiga mfupa hupasuka, vipande vingine havionekani kwa jicho wala havikwami jinoni. Kisha nyama tunairoweka kwa ndimu, na ukali wa ndimu husaidia kuiyeyusha risasi ikaingia kwenye mchuzi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto huweza kufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Kwa mama hukaa mifupani miaka mingi, akishika mimba hutoka ikamwendea aliye tumboni. Mtoto haanguki siku ile. Anakuwa mzito darasani, nasi tunamchapa tukidhani ni uvivu.

Denmark walipiga marufuku marisau ya risasi tangu 1996. Mnaouliza kwa nini tusinunue ya chuma, nimezunguka mjini siku 3 kwa nauli yangu mwenyewe, sikuyapata, na mitutu yetu ya zamani haikuundwa kwa chuma.

Wanaodai kamati imeamua bila mkutano, wakumbuke mkutano uliitishwa Februari wakaja 17 kati ya 63. Niliuitisha tena Machi wakaja 11, na 4 wakaondoka kabla hoja haijasomwa. Akidi ni nusu. Katiba yetu inaipa kamati mamlaka panapokuwa na hatari kwa maisha. Mimi niliiona hatari, na naiona mpaka leo. Waliolalamika zaidi hawakuwamo katika mkutano hata mmoja.

Mwakani tunatarajia, inshallah, kumpata mtaalamu wa kupima damu za watoto wetu, na pengine mfadhili wa marisau yasiyo na sumu. Mazungumzo nimeshayaanza.

Daftari la ada liko mezani kwa mshika fedha. Wenye deni wamwone kabla ya kutoka.

Mwenyekiti